Maoni ya Watu Juu ya Filamu, na Juu ya Mume Wangu

Mama yangu mzazi,

Mguu unaendeleaje? Mjomba aliniambia umevimba tena tangu mvua zilipoanza, na kwamba hata hivyo unashuka mtoni na ndoo. Acha. Mdogo wangu Astrida ana mabega mapana kuliko yangu, achote yeye. Na baba mdogo, bado anakohoa? Na lile paa la jikoni, limeshikwa na mtu au bado mnahamisha vyungu kila wingu likipita? Nauliza yote sasa kwa sababu nikishafika kwenye habari zangu sitakumbuka tena kuuliza.

Sisi huku Kolwezi tupo. Watoto wanakula, wanasoma. Mkubwa ameng'oka meno ya mbele na sasa anacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono, kama bibi arusi. Mdogo anakuulizia.

Sauti yako niliipata kwenye simu, ile mliyoirekodi kwa mjomba. Niliisikiliza mara ya kwanza nikadhani masikio yangu yamekosea. "Ngoie, chukua watoto, urudi Kongolo. Kile kitu kinacholala kwako, kiache huko huko." Umemwita kitu, mama. Mtu uliyemchinjia jogoo wako wa pekee siku alipokuja na wazee wake.

Ningeweza kukujibu kwa sauti vilevile, lakini simu ya mjomba inasikilizwa na ua mzima, na ninayotaka kusema ni yako peke yako. Barua hii inakuja mkononi mwa sista anayerudi parokia yenu. Astrida akusomee mlango umefungwa. Naandika Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa na masista, ila watu wakizungumza nitawaacha wazungumze Kiswahili chao cha huku, maana nikiwanyooshea maneno hutawaona jinsi walivyo.

Uliambiwa mume wangu Banza alifukiwa, na uliambiwa alitoka. Aliyekuletea habari alikuletea mwanzo na mwisho, katikati akapakula mwenyewe. Mimi nitakupa yote.

Unaijua kazi yake: kushuka shimoni kwa kamba, kuchimba kwa mkono, kupandisha mifuko ya mawe ambayo wanunuzi wanayasubiri juu na mizani yao. Asubuhi moja ya mvua udongo uliporomoka, yeye na wenzake wawili wakiwa ndani. Watu walichimba hadi giza likaingia, wakaendelea kesho yake, halafu ukuta wa pili ukaanguka na wenye shimo wakasema basi, hilo ndilo kaburi lao. Hakukuwa na mwili wala jeneza. Tulikaa kilio chini ya turubai mbele ya nyumba yetu pale mtaa wa Dilala, tukimlilia mtu ambaye hatukumfunga hata sanda.

Kaka yake mkubwa, Mukalay, mtoto wa tumbo moja na Banza, ndiye aliyesimamia kilio. Nisimdhulumu: alilia, nilimwona analia. Lakini alilia akiwa amevaa viatu vya Banza. Ile moto, pikipiki ambayo Banza alijinyima miaka ili siku moja aache mashimo na abebe abiria, Mukalay aliiondoa akisema anaiweka mahali salama. Halafu akaniambia mbele ya watu nisiwe na wasiwasi, mke wa mdogo wake hawezi kulala njaa, nyumba yake ina chumba cha nyuma. Mke wake alikuwa amesimama pale na sufuria mkononi. Alinitazama kama mtu anayelitazama kwapa la nguo iliyochanika.

Banza alipita chini kwa chini, akatokea mbali, kwenye mdomo wa shimo la zamani karibu na kijito ambako akina mama wanaosha mawe. Walipoona mtu mwekundu kwa udongo anatambaa kutoka ardhini walitupa mabeseni wakakimbia. Mmoja tu alirudi, akampa maji, akamwita mwenye moto ya abiria. Ndivyo mume wangu alivyofika kwenye kilio chake mwenyewe, mchana, ugali wa bukari ukipakuliwa.

Hujawahi kuona watu wanavyoziacha sahani! Mwimbishaji wa kwaya aliruka ukuta wa jirani na suti yake. Mbwa walikula nyama mbele ya macho yetu na hakuna aliyewafukuza. Mukalay hakukimbia, nafikiri viatu vilimbana.

Mimi nilimshika, mama. Alikuwa na joto. Moyo wake ulikuwa unapiga chini ya udongo ule kama mtu anayegonga mlango, na nilipomwosha, maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha akabaki yeye. Kovu lake la utotoni kwenye goti lilikuwa mahali pake. Wewe uko Kongolo. Mimi ndiye niliyemwosha.

Lakini hakutoka mzima wote. Macho hayakuvumilia tena jua, akawa anakaa kivulini na kitambaa usoni. Vumbi lilimla koo, sauti ikabaki ya kukwaruza. Maneno yalikuwa machache, maana wenzake wawili hawakutoka, na mmoja wao alikaa naye gizani muda mrefu akizungumza kabla ya kunyamaza. Miguu ilivimba. Muuguzi wa zahanati alisema mawe yaliyomlalia yalimwumiza figo, akamkataza chumvi kabisa. "Ata kidogo, mama. Chumvi itamuua." Basi nikaanza kumpikia kwenye kisufuria chake peke yake.

Mwanzoni watu walifurahi. Misa ya shukrani ilijaa. Kila aliyekimbia kwenye kilio alikuja kusema kwamba yeye hakukimbia. Ila nilipomwuliza Mukalay habari ya moto, alisema iko kwa fundi. Wiki iliyofuata bado ilikuwa kwa fundi, nami nilikuwa nimemwona ameipanda sokoni, mke wake nyuma ameshika kuku.

Sasa nakuja kwenye filamu.

Nyuma ya soko kuna ukumbi wa mabati ambako mwenye ukumbi anaonyesha mpira na filamu. Jumapili moja baada ya misa alitangaza filamu ya kutisha, ya zamani sana, isiyo na rangi, iliyotengenezwa kutoka katika kitabu. Mama Odile alinivuta twende. Huyu Mama Odile ni jirani yangu, Mkasai, baba yake aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, naye anauza samaki. Ndiye mtu pekee aliyekuwa anakula jikoni kwangu bila kukaribishwa. Alisema, "Ngoie, utaoza mu hii nyumba. Kuja tucheke kidogo." Banza naye akasema nenda. Nikaenda.

Watu wa filamu walizungumza Kifaransa cha haraka, hivyo Mwalimu Felisien wa shule ya msingi alisimama kando ya televisheni kutufafanulia. Hadithi ni ya mke wa mwenye kinu cha unga, katika nchi ya theluji, ile baridi nyeupe inayoanguka kama unga. Mume anakwenda msituni kukata kuni, theluji ya mlimani inamwangukia, anahesabiwa amekufa. Siku moja anagonga mlango. Mke anafungua. Anamketisha, anampa mkate. Lakini mtu huyu anakaa mbali na moto, hasemi, na mkate wenye chumvi anausukuma pembeni. Mke anaanza kumchungulia, na majirani wanakuja mmoja mmoja kumnong'oneza. Mwisho anamfungia ndani ya kinu na kutia moto. Picha ya mwisho, mama: asubuhi anaingia kwenye majivu, anaukuta uso, anafungua mdomo kwa kidole, na mdomo umejaa udongo. Hapo tunaelewa kwamba alikuwa mfu tangu alipogonga.

Katika ukumbi ule watu walipiga kelele mabati yakatikisika. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu kwenye mkate.

Hawakwenda nyumbani. Walisimama uani wakaanza kubishana, na kila mmoja alikuwa na maoni yake. Vijana walisema yule mwanamke ni mpumbavu, angemchoma siku ileile ya kwanza. Mzee mmoja mstaafu wa kampuni alikasirika kabisa kwamba watu wale hawafanyi kazi: "Batu ba mule habatumikake? Asubui mpaka mangaribi beko nyuma ya dirisha. Njo maana banaona mashetani." Watu wakacheka. Shemasi wa kanisa la uamsho akasema hiyo si filamu, ni fundisho, shetani anaazima mwili wa mtu kama wewe unavyoazima koti.

Mama Odile alikuwa na yake. "Shetani gani? Ule mwanamuke alikuwa na bwana mwingine! Hamukuona vile alikuwa anachana nywele? Alitaka tu mutu afe mara ya pili."

Mwalimu Felisien akainua mkono kama mtoto wa darasani. Alikuwa amekisoma kitabu chenyewe. "Mu kitabu haiko vile. Mu kitabu, ule bwana alikuwa muzima. Alikuwa mugonjwa tu. Bale ba kutengeneza filme njo baliweka udongo mu kinywa. Mu kitabu banakuta mukono yake ku mulango, na munganga anasema, mama, uliua bwana yako."

"Sasa yako inatisha nini?" kijana mmoja akauliza.

"Njo hiyo inatisha."

"Wee mwalimu, kitabu ni makaratasi. Filme tuliona na macho."

Hapo wakagawanyika. Wengine walisema filamu imeharibu kitabu, ingawa kitabu hawakukiona hata jalada. Wengi walisema mwandishi aliogopa, na wa filamu ndio waliothubutu kusema kweli. Walirushiana maneno kwa raha, mama, kama watu wanaogombania penalti. Nami karibu nianze kucheka, maana nilikuwa nimesahau.

Ndipo Mukalay akasema. Hakupaza sauti.

"Mi sina maneno na filme yenu, wala na kitabu. Mi niko nauliza kintu kimoja tu. Ule wetu, anakulaka chumvi?"

 Wote walinigeukia. Nikamwona Mama Odile anatazama vidole vya miguu yake, nikaelewa nani alimpelekea Mukalay habari ya kisufuria changu.

"Munganga alimukataza," nikasema. "Ni figo. Kamuulizeni ku zahanati."

"Ata mule mu filme," mtu akasema nyuma, "mwanzo bibi alikuwa anamutetea."

Nakuambia, mama, kabla ya Jumapili ile hakuna mtu Dilala aliyemwona Banza kuwa si mtu. Walikuwa wamemwona ana kitambaa usoni, wamesikia sauti yake, wamejua chungu chake, na waliviita vitu hivyo ugonjwa. Filamu iliwapa jina jingine, na jina lile lilikuwa tamu zaidi.

Mwenye ukumbi aliionyesha tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, kwa sababu ukumbi ulijaa hadi nje. Watu walirudi kuitazama kama wanaotafuta maelekezo. Walirudi wanajua kwamba mfu hakai karibu na moto, basi wakaja kuchungulia kama Banza anakaa karibu na jiko la mbabula. Joto la makaa lilimwumiza macho, akawa anasogea mbali. Wakaondoka wanaitikia kwa vichwa. Asubuhi tulikuta chumvi imemwagwa kizingitini. Mikate yangu ya kukaanga haikununuliwa tena, iliganda mafuta kwenye beseni hadi watoto wakaichoka. Mkubwa alirudi shuleni macho mekundu, wenzake walikuwa wamemjaza chumvi mdomoni ili waone kama mtoto wa mfu anaweza kuimeza. Mwalimu Felisien aliwachapa, wazazi wakamwendea mkurugenzi wakisema mwalimu huyo anasoma vitabu vya shetani, naye akaambiwa achague kati ya kunyamaza na kuondoka. Alinyamaza. Simlaumu, ana watoto.

Kisha mwenye nyumba akaja. Alisema yeye binafsi hana shida, lakini wapangaji wengine wana shida. Na nyuma yake akaja Mukalay na wazee wawili wa ukoo, wakakaa, wakasema familia imeamua: Jumamosi mchana, mbele ya watu, Banza ale bukari na samaki wa chumvi. Akila na kumeza, maneno yataisha.

"Na kama chumvi itamuua?" nikauliza.

Mukalay akajibu bila kupepesa. "Mufu hafake mara mbili. Na muzima hana sababu ya kuogopa samaki."

Niliwafukuza. Nilichukua ufagio, mama, nikawafukuza wazee kwa ufagio, jambo ambalo hukunifundisha. Lakini Banza aliniita kutoka kivulini.

"Nitakula," akasema.

"Utakufa."

"Bana baende ku masomo," akasema. "Nitakula tu."

Tulibishana hadi nikachoka. Alikuwa hanitazami, alikuwa anamtazama mkubwa wetu aliyekuwa amekaa mlangoni na kitambaa chenye maji mdomoni.

Jumamosi ile walikuja wengi kuliko walivyokuja kwenye kilio. Mwenye ukumbi alikopesha mabenchi yake. Nataka ulione hilo vizuri, mama: watu waliketi uani kwangu kwenye mabenchi yaleyale ya filamu, wengine na karanga mkononi. Samaki alitoka kwa Mama Odile. Wale wakavu walioganda chumvi nyeupe, ambao hata sisi wazima tunawaloweka maji usiku mzima kabla ya kuwapika. Mukalay alikataza wasilowekwe.

Banza alitoka ndani bila kitambaa. Alikaa kwenye jua, akanawa, akala. Alikula kama mtu anayekula, tonge kwa tonge, macho yakimtoka machozi kwa mwanga. Alikula samaki hadi mgongo. Akalamba vidole. Akaomba maji, na hata kumpa maji walitazamana kwanza.

Basi maoni yakaanza upya. "Amekula, ni mutu," alisema mzee mstaafu, akasimama aende zake. "Mungu atusamehe." Wengine wanne watano wakasimama naye. Nikaona mabega ya Mwalimu Felisien yanashuka kwa nafuu, alikuwa amesimama nje ya ua. Lakini kijana mmoja akapiga kelele, "Ata mule mu filme alikula! Alikula ule mukate kusudi adanganye bibi, kisha akaenda kutapika!" Ni kweli, kipande hicho kipo, baada ya ule mkate wa kwanza aliousukuma. Wote wakakikumbuka kwa pamoja. Waliosimama wakaketi tena. Wakangoja.

Sijui kama unaelewa, mama. Walingoja. Wanawake niliowapokelea watoto wao walikaa na karanga zao wakimngoja mume wangu atapike.

Akatapika. Figo zile zingefanya nini? Aliinama pembeni ya ukuta akatapika bukari na samaki, mwili wote ukitetemeka. Watu walipiga ukelele, mabenchi yakaanguka. Kijana mmoja, siwezi kulisahau hili, alichukua kijiti akaja kuyachokoa matapishi atafute udongo. Alitafuta kwa makini sana. Akasema, "Haiko udongo." Wa nyuma wakasema hakutazama vizuri.

Banza alijifuta mdomo. Alimtafuta kaka yake kwa macho yake mabovu mpaka akampata.

"Yaya, kaka mukubwa," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, na wote walimsikia, "kama unataka moto, sema moto."

Mukalay aligeuka. Akamtazama mke wake, akaitazama moto yenyewe iliyosimama langoni. Alikuwa amekuja nayo.

Mchana ule ule Banza alianguka. Mwalimu Felisien ndiye aliyenisaidia kumbeba hadi hospitalini, miguu imekuwa kama magogo, uso umevimba. Alilala huko majuma. Muuguzi aliponiuliza alikula nini, nikamwambia, hakuamini. Alidhani nataka kumuua, akawa ananichunga kila nilipoleta chakula.

Siku moja pale hospitalini Mwalimu alikuja kumwona, akamsimulia filamu nzima, na kitabu nacho, maana Banza peke yake katika Dilala yote ndiye aliyekuwa hajui hadithi iliyokuwa inamuua. Alisikiliza hadi mwisho. Mwalimu akamwuliza, kwa heshima, kama anavyowauliza watoto, yeye anaonaje.

Banza alifikiri. "Ule bwana alikosa akili," akasema. "Alirudia mikono mitupu. Angerudia na mufuko moja ya mawe mazuri ku mugongo, hakuna mutu angemuuliza chumvi."

Hayo ndiyo maoni ya mume wangu juu ya filamu. 

Usidhani Mukalay aliifaidi moto ile kwa raha. Banza akiwa bado hospitalini, Mukalay aligongwa na lori kwenye barabara ya mgodi. Mguu ulivunjika mahali pawili, moto ikakunjika kama bati. Lori zile zinagonga mtu kila mara, mavumbi yake hayaruhusu kuona mbele. Lakini unajua walichosema. Na wa kwanza kukisema alikuwa Mukalay mwenyewe. Walimleta hospitali ileile, wodi ya upande wa pili, akawa anamwambia kila aliyepita kwamba kabla ya lori alimwona mdogo wake amesimama katikati ya barabara, mwekundu.

Mke wake alinifuata pale chini ya bomba nilikokuwa nafua. Alipiga magoti kwenye matope. "Mama, tafazali, umuambie amuache. Moto tutalipa. Umuambie amuache bwana yangu." Na mimi, mama, ningeweza kumwambia kweli. Nilikamua shuka yangu, nikaianika, nikamwacha amepiga magoti. Waogope. Hofu yao ilinipa amani ambayo ukweli wangu haukunipa. Sijutii, na wewe usinitumie padri.

Lakini Banza si kama mimi. Aliposikia kaka yake yuko wodi ya pili, alijikokota kwa ukuta akaenda kumsalimu. Nilimfuata nyuma kimya. Alifika kitandani, akasema tu, "Yaya, mi njo nakuya kukuona."

Mukalay alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwenye kilio. Alijaribu kushuka kitandani na mguu wake umefungwa mawe ya kuuvuta, akajikojolea, akalia jina la mama yao. Aliyesema ni mfu ili abaki na moto, sasa alikuwa anaona mfu kweli. Nilitazama macho yake na hakukuwa na uongo wowote ndani. Wauguzi walikuja mbio, na mtu waliyemshika mkono na kumtoa nje alikuwa Banza.

Alikaa kwenye ngazi. Nilidhani atalia. Akasema, "Ananiogopa, Ngoie. Yaya ananiogopa." Akasema hivyo hivyo mpaka jua likageuka. Kufukiwa alikuwa hajanisimulia hata neno. Siku ile ndiyo alinisimulia. Alisema gizani, mwenzake alipokuwa anazungumza maneno ya mwisho, yeye alijipa nguvu kwa kufikiri kwamba juu yuko kaka yake anachimba, na kaka yake hawezi kuacha.

Tumehama Dilala. Sasa tuko Manika, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa watu ambao hawatujui. Nakaanga mikate, inanunuliwa. Banza anatengeneza redio na simu zilizoharibika akiwa kivulini, vidole vinaona kuliko macho. Nasikia Dilala bado wanagawanyika: wako wanaosema ni mtu, wako wanaosema si mtu, na wako wanaosema mimi ndiye mchawi niliyemtoa shimoni. Mama Odile alifika hapa na samaki wabichi, wamefungwa kwenye jani. Nilimpa kiti, nikampa maji. Samaki nilimrudishia mkononi, na alipoanza kulia nilimwambia afanye haraka, mabasi ya jioni yanajaa.

Sasa jibu lako.

Sitakuja na watoto peke yao. Nilishuhudia watu wazima wakikaa kwenye benchi kumtazama Banza, na wewe umejiongeza kwenye benchi hilo kutoka Kongolo, bila hata kuiona filamu. Wakati wa kiangazi, kama Mungu akitupa nguvu, tutakuja wote wanne. Utampikia kwenye kisufuria bila chumvi, kwa mkono wako mwenyewe, na utakaa naye wakati anakula. Kama hilo haliwezekani, mwambie Astrida aniandikie neno moja tu, "hapana", nami nitaelewa, na wajukuu wako utawaona kwenye picha.

Nisalimie mjomba, na umwambie nashukuru kwa simu. Msalimie baba mdogo na kifua chake, na shangazi wa ng'ambo ya mto aliyenisuka siku ya harusi yangu. Yule binamu aliyekuletea habari za kwetu usimsalimie. Astrida, mdogo wangu, wewe unayesoma: asante kwa sauti yako, na ukifika hapa usiruke mstari wowote.

Watoto wanakusalimu. Banza pia anakusalimu, mama. Aliniuliza kama katika ile sauti ya simu ulimtaja. Nilimwambia ulimsalimu sana, na kwamba ulimwita mwanangu. Alifurahi, akaniomba nilirudie neno hilo.

Mimi niliyetoka tumboni mwako,
Ngoie
Manika, Kolwezi